Nyonga Iliyochakaa Kabla Yangu

Daktari aligeuza picha kuelekea kwa mwanangu. Mguu ni wangu, maumivu ni yangu, aliyepanda ngazi za hospitali huku anakokota mguu kama gunia ni mimi, lakini picha iligeuzwa kwa mwanangu, fundi wa majokofu, ambaye mifupa anayoijua ni ya kuku walioganda kwenye friji za watu.

"Unaona hapa," daktari alimwambia. "Hiki ndicho kikombe cha plastiki kinachobeba kichwa cha nyonga bandia. Kimelika upande mmoja. Unga wake umesambaa, na mwili ukipambana na ule unga unakula na mfupa. Huu weusi wote ulitakiwa uwe mfupa."

Mwanangu akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyeonyeshwa kompresa iliyoungua.

"Daktari," nikasema, "mwenye nyonga niko huku."

Akageuka, uso umemwiva kwa aibu. Kijana mpole tu, masikio makubwa, mikono safi. Nilipowekewa chuma hiki, yeye alikuwa bado anavaa kaptula za shule. Simlaumu kwa hilo. Ila mimi sisahau, na aliyeniwekea namkumbuka hadi tai yake. Alikuwa na kiungo cha mfano mezani, akakigonga kwa kalamu mara mbili, akaniambia, "Mama, hiki kitakuzika." Nilikwenda nyumbani nikiwatangazia watu kwamba nina nyonga itakayoniimbia msibani.

"Labda alitaka kukutia moyo," daktari kijana alisema nilipomweleza.

"Sikuomba moyo. Niliomba nyonga."

Mwanangu akakohoa kile kikohozi chake cha kuniambia ninyamaze. Sikunyamaza. Nilimweleza daktari habari za pedali. Nilipiga pasi karibu maisha yangu yote kwenye dobi kubwa, mashuka ya hoteli na ya hospitali, kwenye mashine za mvuke zinazofungwa kwa kukanyaga pedali. Pedali zote zilikuwa kulia. Nyonga yangu mbovu ni ya kulia. Niliporudi kazini baada ya upasuaji niliomba yangu ihamishiwe kushoto, meneja akasema mashine imekuja hivyo kutoka kiwandani. Tukagoma chumba kizima. Tukapata viti vya kupumzikia, feni, hata sabuni ya kuogea. Pedali hatukupata. Shuka baada ya shuka, nikakanyaga kwa mguu uleule.

"Sema ukweli," nilimwambia. "Ni pedali?"

Alifikiri. Nampa haki yake, alifikiri kweli. "Inawezekana imechangia, inawezekana hapana. Ninao wagonjwa waliokaa ofisini miaka yote na vyao vimelika hivihivi. Ni kitu kinachosuguana, mama. Kimechakaa. Hakuna aliyekosea."

Afadhali angenipiga kofi. Maishani mwangu kila lililoniuma lilikuwa na mtu nyuma yake, na huyo mtu alikuwa na ofisi, na ofisi ilikuwa na mlango. Milango ndiyo kazi yangu. Sikusoma zaidi ya madarasa ya mwanzo. Sheria za kazi nilijisomea kwenye magazeti yaliyofungiwa mashati, na meneja mwenye shahada zake alikuwa akiniona napita dirishani anaanza kupanga meza. Sasa naambiwa hakuna mlango.

"Si mngebadilisha hicho kikombe tu?"

"Ungekuja mapema, ndiyo. Sasa hakuna mfupa wa kukishikilia."

"Nilikuja mapema."

Akanitazama.

"Nilikuja na maumivu ya kinena, kwenye kiti hikihiki, ila aliyekaa upande wako alikuwa mwingine, mnene, ana pete. Hakupiga picha. Aliniambia ni uzee, akanipa dawa ya kuchua."

Daktari aliangalia meza. "Pole sana, mama."

"Pole haikanyagiki."

Hapo ndipo aliponieleza njia zilizobaki, safari hii akinitazama mimi. Ya kwanza, kutoa kila kitu, pamoja na mkia wa chuma uliozama ndani ya mfupa wa paja. Na kama umeng'ang'ania, wanapasua mfupa kwa urefu ili kuutoa. Wanajaza mashimo kwa mfupa uliotolewa na watu wengine, wanaweka chuma kirefu zaidi. Saa nyingi mezani, damu nyingi. Nyonga mpya inaweza kuchomoka, inaweza kuingia usaha, na hata ikikubali haitakuwa kama ile ya kwanza. Ya pili, kutoa na kutoweka chochote. Nyama inajikaza pale ilipokuwa nyonga, maumivu yanapungua, mguu unabaki mfupi, magongo ya kudumu. Ya tatu, kuacha, kumeza vidonge na kusubiri. Ila mfupa unaendelea kuliwa, na siku ukivunjika, njia ya kwanza itakuwa mbaya maradufu.

"Hizo ndizo njia zenyewe?" nikauliza. "Hata meneja wetu alikuwa na haya kuliko hivi."

Akacheka kidogo, akajizuia. Akasema kuna mgonjwa amejitoa, nafasi imepatikana karibuni, na kama ningemjibu leo angeniandika.

"Sisi hatujibu siku hiyohiyo," nikamwambia.

"Sisi nani?" mwanangu akanong'ona. "Mama, hapa si kwenye mgomo."

Lakini hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yetu wapiga pasi, na mimi siijui nyingine. Mkubwa akikupa masharti, hujibu siku hiyohiyo na hujibu peke yako. Mnakaa. Anayeumia zaidi anaanza kusema, na mpaka amalize hakuna ruhusa ya kumshauri. Unaruhusiwa kuuliza tu.

Kesho yake wenzangu wa dobi wakaja kwangu. Nakaa ghorofa ya juu, juu ya duka la rangi, na ngazi zake ni nyembamba na kali. Alikuja Kiberiti, aliyekuwa kwenye mashine jirani na yangu, mwanamke mfupi anayewaka kabla hujamgusa. Alikuja Bi Wanga, aliyeitwa hivyo kwa sababu ndiye aliyekuwa akichanganya wanga wa kola, ingawa watoto wa mtaani kwake wanaamini sababu ni nyingine na wanamwamkia kwa heshima sana. Mwanangu alikaa karibu na mlango, funguo za gari mkononi.

Kiberiti hakungoja hata kukaa. "Kipaza," akasema, maana ndilo jina langu tangu enzi hizo, "nimeshawaza yote. Tunawafuata wa dobi. Pedali ile. Tunakwenda sisi wote tuliobaki, wenye magongo mbele."

Moyo wangu ukaruka. Nakiri, nikaona kabisa msafara. Nikamsaidia kupanga nani atasema nini. Bi Wanga alitungoja tukapamba moto, ndipo akauliza taratibu, "Mnakwenda dobi ipi?"

"Yetu."

"Pale sasa wanauza matairi. Meneja alishazikwa, na Kiberiti ulikula ubwabwa wa msibani."

"Nilikwenda kuhakikisha," Kiberiti alisema.

Tukacheka, kisha kicheko kikaisha vibaya.

"Na kanuni mmeivunja," Bi Wanga akaendelea. "Anayeumia ndiye anaanza. Kipaza, sema."

Sasa sikilizeni. Mimi nimewasemea watu. Nimewasemea waliounguzwa na mvuke, waliofukuzwa wakiwa wajawazito, mmoja nilimsemea hadi akaniomba ninyamaze arudi nyumbani. Lakini nilipoambiwa niseme nyonga yangu mwenyewe, nilifungua mdomo ukatoka upepo. Kiberiti akataka kunisaidia, Bi Wanga akamkanyaga mguu. Chini, kwenye duka la rangi, mtu alikuwa akitikisa kopo.

"Nina hasira," nikaanza.

"Hiyo tunaijua," Bi Wanga alisema. "Inaanza kutuchosha. Chini yake kuna nini?"

Lilikuwa swali, na maswali yanaruhusiwa.

"Naogopa," nikasema. "Naogopa ile meza. Kupasuliwa mfupa kwa urefu kama kuni. Naogopa kuzinduka nikute wamehangaika bure. Mara ya kwanza nilikwenda nikiimba kwa sababu niliambiwa ni mara moja tu. Sasa najua."

Mwanangu aliacha kuchezea funguo. Sidhani kama alishawahi kulisikia neno hilo kinywani mwangu. "Basi usikubali ile ya kwanza, mama," alisema haraka. "Watoe tu, yaishe. Ile ya pili ni fupi, haina hatari nyingi. Chumba cha uani nimeshakipaka rangi. Hakina ngazi. Mkwe wako amekubali, watoto watakuletea kila kitu kitandani."

"Huo ni ushauri," Bi Wanga alimwambia.

"Ni mama yangu."

"Ndiyo. Uliza, basi."

Akasugua uso. Yeye si mtu wa maswali. Akiona kitu kibovu anakifungua. Hatimaye akauliza, karibu kwa ukali, "Unautaka huo mguu wa kufanyia nini?"

Kiberiti akaguna akidhani nimetukanwa. Lakini lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa hospitalini, maana kule hawakuniuliza.

"Wa kushukia ngazi hizi," nikamjibu. "Nishuke mwenyewe asubuhi, nisimame pale mlangoni, nigombane na mwenye duka kuhusu makopo yake yanayoziba njia, nipande tena. Sitaki kuletewa kitu kitandani. Wewe unanipenda, najua, na mkeo ananivumilia, na watoto wangekuwa wakiniletea chai nusu, nyingine imemwagika njiani. Ningekufa kwa shukrani."

"Na ukifa mezani?"

"Ndiyo nakwambia naogopa."

Hakuna aliyekuwa na swali lingine. Kwa kanuni, hapo mwenye kuumia anaamua, na wengine hata kama hawakupenda wanasimama naye. Mwanangu hakupenda. Alisimama, akaenda dirishani, akatugeuzia mgongo. Kisha akauliza bila kugeuka kama magongo yangu yana mpira mpya chini, maana mipira ya zamani inateleza. Nikajua amesimama nami.

Niliporudi kwa daktari nafasi ile ilikuwa bado wazi; nilimwambia ni ya kwanza, na nikamwambia naogopa, ili asije akanisifia ushujaa. Akasema angekuwa na wasiwasi kama nisingeogopa. Nikamuuliza hiki kipya kitakaa muda gani. Alianza kutaja wagonjwa wengine, nikamkatiza: changu.

"Sijui," alisema.

Nilikasirika, na papo hapo nikamwamini, mambo mawili ambayo kwangu huwa hayaji pamoja.

Nilikuwa nimejifunga kibwebwe, begi liko tayari, kanga mbili, mafuta, redio. Nilikuwa tayari wanipasue siku hiyohiyo kabla ujasiri haujapoa. Daktari akapiga simu, akasikiliza, akaweka simu chini polepole.

"Kuna jambo moja, mama. Lazima kwanza ukaonwe na daktari wa meno."

"Nyonga iko kinywani?"

"Jino bovu linaweza kupeleka wadudu kwenye damu, wakaenda kukaa kwenye chuma kipya. Bila cheti cha meno hawakupokei. Ile nafasi tutampa mwingine, wewe utaingia inayofuata."

Nilimtazama mwanangu. Mwanangu alitazama dari. Nimeishi nikiambiwa na wakubwa wa kila aina niufunge mdomo, na siku niliyoleta nyonga yangu kwa hiari ipasuliwe, wananiambia nikaufungue. Nilisema maneno fulani kwenye korido ile. Mwanamke mmoja aliyebeba chupa ya mkojo alisimama kuyasikiliza yote, akasema, "Waambie."

Kitengo cha meno kiko jengo la pili, na lifti ya jengo la pili ni mbovu, mtu asiniulize tangu lini kwa sababu ninajua. Nilipanda kwa magongo, kipandio baada ya kipandio, mwanangu nyuma yangu na begi begani, mikono ameitanguliza kama anadaka yai. Hakunigusa. Juu nikasubiri kwenye foleni nikiwa nimesimama, maana viti vyao ni vifupi na mimi nikikaa chini hivyo siinuki.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke wa makamo mwenye haraka. Alinilaza kwenye kile kiti, akawasha taa, akagonga huku na huku, akafika nyuma kabisa nikaruka.

"Hili la nyuma limeoza," akasema. "Litoke."

Nikamshika mkono. "Kuna njia nyingine?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa? Si kuziba, si kusubiri, si vidonge?"

"Mama, jino limekwisha. Ni kung'oa tu."

Nililegea kwenye kile kiti. Nilitamani kumbusu.

"Ng'oa," nikamwambia.