Mahudhurio ya Saa Nne

Mimi si mpole. Nasema mapema nisije nikasifiwa bure. Mwaka wa kumi na moja sasa naendesha maktaba ya mtaa wetu hapa Bagamoyo, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni kunyamazisha watu.

Kwa hiyo Mwalimu Evarista alipoanza kupaza sauti ndani ya maktaba yangu, nilipandwa na hasira. Alikuwa msomaji wetu wa siku nyingi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama nadhifu wa kitenge na viatu vilivyopigwa rangi. Mwaka jana ugonjwa wa kusahau, ule madaktari wanaouita dimenshia, ulimshika. Akawa anakuja kila asubuhi, na ikifika saa nne anachukua daftari la wageni pale mlangoni, anasimama katikati ya ukumbi na kuita mahudhurio.

"Abdillah Ausi!"

Kimya.

"Somoe Abdillah!"

Kimya. Wenye majina hayo walikuja jana. Leo wako kwenye shughuli zao. Kila jina lililokosa wa kuliitikia lilimtikisa, na mwisho alikuwa akilia. "Watoto wangu wamekwenda wapi? Darasa zima?"

Nami, kwa ujuzi wangu wote, nilimjibu: "Mwalimu, hapa si shule. Ulishastaafu." Nilimwambia hivyo kila siku, na kila siku aliipokea kama habari mpya, akalia upya. Siku nilipompokonya daftari alinisukuma nikaangukia rafu ya kamusi. Mwinshehe, kijana anayejisomea mitihani ya sheria na kujiona hakimu tayari, akaandika barua ya malalamiko. Kamati ya maktaba ikajibu kwamba mwenyekiti, Bwana Haidar, atakuja Jumatano kujionea, na kama hali ndiyo hiyo, mama huyo azuiwe kuingia.

Nilimpelekea habari binti yake, Asteria, anayeuza dukani kule Zinga. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Alinionyesha kufuli jipya.

"Dada Hafidha, huko kwenu ndiko anakotulia asitoroke. Mkimkataa, itabidi nimfungie ndani mpaka nirudi jioni. Mama yangu mzazi, nimfungie kama mbuzi!"

Niliona aibu, sifichi. Nikamwuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza miezi mingi kabla: alipokuwa akifundisha, akishaita mahudhurio alifanya nini?

"Alifunga daftari, akawaambia wasome kimya. Lakini hakuanza kitu chochote mpaka ajue nani yupo."

Basi mama wa watu hakuwa akileta fujo. Alikuwa amekwama kwenye hatua ya kwanza ya kazi yake, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwachia majina ya watu wasiokuwepo.

Jumatatu nilimpa meza ya mlangoni. Nilizibana kurasa za zamani kwa kibanio, ukabaki ukurasa wa leo tu. Kila aliyeingia aliandika jina mbele yake, akamwamkia, akajibiwa, "Marahaba, kakae." Kabla ya saa nne niliwapitia wasomaji mmoja mmoja, nikawaeleza. Mwinshehe alikunja uso. Nikamwambia akipenda anaweza kwenda kusomea stendi ya mabasi Chalinze.

Saa nne ikafika. "Mwinshehe Salumu!"

Akanitazama. Nikamkazia macho.

"Nipo, mwalimu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Waliofuata waliitika kwa moyo zaidi. Mwalimu Evarista akafunga daftari. "Haya, kila mtu na kitabu chake. Sitaki kusikia hata nzi." Akakaa, akafungua kitabu, akatulia mpaka mchana. Dakika sita! Miezi yote ile ya machozi, kumbe alichohitaji ni dakika sita za kuitikiwa.

Jumatano Bwana Haidar aliingia saa tatu na nusu, barua ya kumzuia mama ikiwa mkononi. Aliandika jina lake kwenye daftari bila kumtazama aliyekaa mezani, wala hakumwamkia. Akaja kaunta kunisomea vifungu vya kanuni. Nilimwambia asubiri saa nne tu.

Majina yakaitwa. Watu kumi na wanne wakaitika.

"Haidar Majaliwa!"

Kimya. Mwenyekiti alikuwa ameinamia karatasi zake. Mwalimu akaita tena, na safari hii sauti ilitetemeka. Vidole vyake vikaanza kukitafuta kile kibanio, apekue kurasa za nyuma. Niliiona siku yote ikimponyoka. Kabla sijafumbua mdomo, Mwinshehe, yule yule aliyeandika malalamiko, akasimama.

"Mzee, unaitwa. Itikia."

Msomaji mwingine akasimama, na mwingine, mpaka ukumbi mzima ukawa wima. Mimi sikuwa nimemwambia mtu yeyote afanye hivyo.

Bwana Haidar, mtu mzima wa miaka sitini, akavua kofia. "Nipo, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Ukiitwa, itika mara ya kwanza. Kaa."

Akakaa. Wallahi, alikaa, na barua yake akaikunja mara nne akaitia mfukoni. Mwalimu Evarista aliweka alama ya mwisho ya vema, akawatazama wote waliosimama, na uso wake ukajaa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake tangu augue.

"Wote mpo," alisema. "Leo wote mpo!"

Bwana Haidar akaniinamia taratibu. "Mwandikie kadi mpya," alininong'oneza. "Ya kudumu."

"Haidar!" Sauti ilitoka mezani. "Hatunong'oni darasani."

"Samahani, mwalimu," akasema mwenyekiti wa kamati, akachukua kitabu.