Neno Alilolimeza Baba

Mimi ndiye niliyemfunga baba yangu mdomo, na sina wa kumsingizia.

Tulifuga kondoo juu milimani, Derbyshire, Uingereza, ambako theluji ya Machi humkuta mwanakondoo bado hajakauka. Baba, Amos Gratton, aliwabeba wale dhaifu hadi jikoni akawalaza kando ya jiko. "Huyu ni nesh," alisema. Nesh ni asiyestahimili baridi. Nesh pia ni majani machanga. Na nesh nilikuwa mimi, nilipovaa glavu kwenda kukamua.

"Aprili hii na glavu? Bibi yako angekucheka mpaka maziwa yagande."

Kisha nikapata nafasi chuo cha ualimu mjini. Huko neno hilo lilinitoka mara moja tu, na wenzangu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mkataa kwao ni mtumwa, nami nilikubali utumwa siku ile ile.

Likizo ya Pasaka, 1954, ikaja barua. Mtafiti wa chuo kikuu alikuwa anapita kijiji kwa kijiji kukusanya maneno ya kale kutoka kwa wazee, na Jumanne angefika kwetu. Baba alifurahi kama mtoto. Mimi Jumatatu nzima nilimfunza.

"Mgeni ni msomi, baba. Ongea kama redio. Usiniaibishe."

"Hata nesh nisiseme?"

"Hilo ndilo la kwanza."

Akanitazama kidogo. "Haya, mwalimu."

Mtafiti, Bwana Thackray, alikuwa na utaratibu wake. Neno lenyewe hakulitaja kamwe. Alilizunguka tu, mwenyeji alitamke mwenyewe, ndipo aandike.

"Bwana Gratton, mtu anayeshindwa na baridi upesi, hapa mnamwitaje?"

Baba, na koti lake la kanisani, akanigeukia. Nikatikisa kichwa.

"Tunasema anahisi baridi, bwana."

"Hakuna neno jingine? La mama yako, labda?"

"Hakuna, bwana."

Ikawa hivyo swali baada ya swali. Mwisho Bwana Thackray akafunga daftari, akamaliza chai yake, akashukuru. Nilimsindikiza hadi getini.

"Niliambiwa hakuna anayeijua lugha ya hapa kama baba yako," alisema kwa upole. "Kuna neno nililitafuta. Waingereza walilisema miaka elfu moja iliyopita, likiwa na maana ya laini, nyororo. Nilidhani bado liko hai huku."

Nilikuwa nalo mdomoni. Kulitamka kungemwonyesha kuwa nimemfundisha baba yangu kusema uongo, kwa hiyo nikamtakia safari njema. Aibu ya kwanza ningeweza kuisamehe, kwa kuwa nilikuwa mjinga. Hii ya pili niliifanya nikijua.

Nilirudi jikoni. Baba alikuwa anavua koti. "Nimeongea vizuri?" aliuliza, na nikasema ndiyo.

Miaka kumi na mmoja baadaye alilazwa hospitali ya mjini, amekonda, anatetemeka. Muuguzi akauliza kama anahisi baridi.

"Kidogo tu, asante," alisema kwa sauti ile ya redio.

Nikainama sikioni mwake. "Baba, mwambie u nesh. Sema, tafadhali."

Akanibana mkono. "Nyamaza, binti yangu," alinong'ona. "Watasikia, halafu utaona haya."