Raundi ya Bronte

Tovuti ya maonyesho ya kilimo ya Wirrabee, huko Tasmania, ilichukua dakika nzima kufungua ukurasa wa washindi wa keki, na lawama zote zilimwangukia Bronte Hatzis, mwandishi wa programu katika ofisi iliyoitengeneza. Jumatatu angesimama mbele ya kamati ajieleze. Na ile kamati ya akina mama waoka keki, jamani, haina huruma hata chembe.

Bronte alijua ubaya uko wapi. Ni Tarishi, programu ndogo ambayo bosi wake, Garth Pickworth, aliiandika miaka saba iliyopita ili iende kwenye hifadhidata kuleta habari. Keki zikiwa mia nne, Tarishi anakwenda mara mia nne, anabeba moja moja. Bronte alitaka kuandika ombi moja kwa mkono wake, zije zote kwa mpigo. Garth hakutaka kusikia. Ungedhani ametukaniwa mama yake.

"Tarishi hana tatizo," alisema. "Tununue seva kubwa zaidi."

Ijumaa jioni, kama kawaida, ofisi nzima ikahamia baa. Watu wanane, na zamu ya kuwanunulia wote raundi ilikuwa ya Bronte. Akapanga foleni, akarudi na bia moja, akampa wa kwanza. Akaenda tena kwenye foleni, akaja na ya pili. Kufika ya tano, wa kwanza alikuwa ameshamaliza yake, na Garth, aliyekaa mwisho wa meza, anameza mate.

"Wewe Bronte, una akili timamu kweli? Trei si hizo pale?"

"Trei za nini, bosi? Labda wajenge kaunta kubwa zaidi."

Meza nzima ikaangua kicheko. Garth akaiva uso hadi masikioni. Bronte akaanza kujuta. Akajiona amejifukuzisha kazi kwa mdomo wake mwenyewe.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Garth. Akainuka, akaenda, akarudi na trei, glasi nane zikigongana. Ya kwanza akaiweka mbele ya Bronte.

"Andika hilo ombi lako," alisema bila kumtazama. "Kamati nitaikabili mimi. Aliyeandika Tarishi si wewe."

"Sawa, bosi."

"Na ukicheka nakufukuza."

Bronte akaiinamia bia yake. Mabega tu ndiyo yaliyokuwa yakitikisika.