Bulangeti ya Bakavuo

Miye sipendi mutu aseme kama biraka ni umaskini. Hapa Bulengera, mu Butembo, nashona tangu zamani, cherehani yangu iko kando ya barabara, mbele ya duka ya Kambere, na kila mutu mwenye suruali yake imepasuka anajua njia ya kufika kwangu. Mwenye anacheka biraka leo, siku ingine itamupasukia njiani, atakuja mbio amejifunika na kikapo. Nitamushonea, mais nitamusema pia.

Donc, Élodie, mutoto yangu ya kwanza, alichumbiwa na Valère. Valère ni mutu ya Kasai, kazi ya Serikali njo ilimuleta Butembo. Ni kijana mupole, mwenye heshima, sina neno juu yake. Mais mbele ya ndoa bakamuhamisha, arudi kwabo, Kananga. Siku ile Élodie alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Akaniambia: "Mama, kule sitajua hata mutu moja wa kusalimia asubuhi." Alisema bila kulia, na hiyo njo ilinichoma. Nikaapa kama mutoto yangu hataenda kule peke yake. Nitafanya namna gani, sikujua bado, lakini miye nikisha kusema, nimesema.

Jibu ilitoka Kasindi. Lusenge, mwenye anauza nguo za mitumba, alifungua balo yenye ilipita mupaka, na ndani mulikuwa bulangeti ya ajabu. Ilikuwa bipande bidogo bidogo ya kitambaa, bimeunganishwa, na kwa kila kipande jina ya mwanamuke, imeshonwa na uzi. Batu balikataa kuinunua. Nani atalala na biraka ya bazungu? Lusenge akanipatia ya bure, nifanye matambara ya kupangusa cherehani. Nikafumua kona moja nione ndani. Juu bipande, katikati pamba, chini kitambaa muzima, na mishono midogo inapita yote tatu, inabishika pamoja. Mwenye alishona ile alikuwa na mukono. Nikaifunga tena ile kona, na heshima.

Nikaipeleka kwa ma sœur Anne-Marie, mutawa mwenye anafundisha Kiingereza. Akasoma majina, akasoma mwaka yenye ilishonwa pembeni, akatafuta kwa simu yake, kisha akanieleza. Amerika ya zamani, batu balikuwa banahama na magari ya kukokotwa na ng'ombe, banaenda mbali kutafuta mashamba. Binti akienda, pengine mama yake hamuoni tena mupaka kufa. Basi bamama ya jirani, kila moja anashona kipande, anaandika jina yake, banaunganisha yote, banamupatia. Akifika kule anajifunika nabo. Akaniambia tena juu ya bamama beusi, bale ba utumwa na bajukuu yabo, benye balishona na nguo ya kazi imekwisha kuchakaa, kwa sababu hawakukuwa na ingine. Leo mabulangeti yabo inatundikwa mu nyumba za makumbusho, na batu banasimama mbele yake kimya.

"Ma sœur, imetosha," nikamuambia. "Nimeelewa."

Nikaita bamama ba avenue na ba ukoo: kila moja alete kipande, ashone jina yake. Balileta mbio. Nikapanga bipande chini, nikasoma. Kavuo. Kavuo. Kyakimwa. Kavuo. Tena Kyakimwa. Tena Kavuo. Ma sœur hakunionya, na angejua namna gani? Kule kila mwanamuke alikuwa na jina yake. Kwetu Banande, jina inatoka kwa nafasi yenye ulizaliwa mu batoto ya mama yako. Ukiita Kavuo mu soko, nusu ya soko inageuka, na miye pia nageuka, kwa sababu niko Kavuo.

Jirani yangu Kyakimwa, ule wa mudomo, alicheka akashika mbavu. "Mama Élodie, umemushonea mutoto bulangeti ya mutu moja." Mutu akasema tuandike jina ya ubatizo. Tukajaribu. Godelive, Godelive, Godelive.

Nilikasirika sana. Mais hasira yangu ikinipanda, inanipa akili. Nikabarudishia bipande yabo. "Hii ni mabaki ya pembeni," nikasema. "Élodie hajui mabaki yenu. Anabajua kwa pagne, bitenge yenye munavaa. Kila moja akate ile pagne yenye mutoto alimuona nayo, na akate katikati, pale penye maua."

Hapo ikakuwa vita. Kukata pagne nzima, katikati? Kyakimwa akaniita muchawi, akaenda kwake. Kesho yake akarudi, akanitupia kipande kwa meza, ya pagne yake ya ndoa, ndege mbili ya buluu, imetoka katikati kabisa. "Usiniangalie," akasema. "Nilimubeba Élodie na hii, wakati weye ulikuwa hospitali." Mukono moja haulei mutoto. Kyakimwa akisha kuleta, bengine nabo bakaona haya, bakaleta.

Wa mwisho alikuwa dada ya bwana yangu, naye Kavuo, mwenye alikimbia vita kule Mbau. Alifika kwetu na pagne moja, ile ya kiunoni. Nikamuambia aache, nitamushonea jina tu. Akakasirika kunipita miye. Akakamata makasi yangu, akaenda nyuma ya pazia, akakata. Kipande ilikuwa imefifia, hapana kujua kama maua ilikuwa nyekundu ao kahawia.

Tukakaa pamoja, tukashona mupaka ikaisha. Élodie akaiangalia. "Ni muzuri, mama. Mais mbele ya bakwe? Batasema tuko bamaskini. Utanipatisha haya."

"Utaibeba," nikasema.

Akaiacha juu ya meza, akaenda kupanga masufuria yake. Ile kuiacha haikunipendeza hata kidogo.

Siku ya kumutoa bibi-arusi kwa bakwe ikafika. Mama ya Valère, mama Ngalula, alikuwa bibi ya musoda, alizunguka Congo nzima na bwana yake askari, na Kiswahili yake ni ya Lubumbashi. Bakafungua bitu ya bibi-arusi: masufuria, mabeseni, mikeka. Bulangeti ikatandikwa. Mama Ngalula akainama, akaiangalia.

"Bakwe, munisamehe," akasema. "Kwetu binti anakuja na bulangeti mupya. Hii ya biraka, nitaonyesha bamama ya Kananga namna gani?"

Kinywa yangu ikajaa maneno. Mais siku ile mama ya binti hasemi. Anasema porte-parole, musemaji wa familia, na porte-parole yetu alikuwa Mathe, kaka ya bwana yangu, mwenye anajua kubishana juu ya mbuzi ya mahari, lakini juu ya kitambaa hajui kitu. Mathe akakohoa. "Ni mutindo ya Amerika," akasema.

"Kumbe Amerika nako kuko bamaskini," mama Ngalula akajibu, na upande yabo bakacheka. Kisha akaweka kidole juu ya kile kipande ya kufifia. "Angalia hii. Imekwisha rangi kabisa."

Wifi yangu akaangalia chini. Nikauma ulimi, kweli kweli, nikasikia damu. Nikawaza: basi, Élodie ataiacha hapa.

Élodie akasimama. Bibi-arusi hasimami na hasemi, kila mutu anajua.

"Mama, hiyo ni tantine Kavuo, shangazi yangu," akasema. "Yeye ule pale. Alitoka Mbau na pagne moja kwa mwili, hakukuwa na ingine. Alikata ile." Akakamata mukono ya mamakwe yake polepole, akausogeza kwa kipande ingine. "Huyu ni mama Kyakimwa, alinibeba. Huyu Kavuo anauza makala ya jiko, alinifundisha kuwasha moto. Huyu Kavuo alinichapa juu ya ndizi yake." Akabapitia bote, hakukosa hata moja. "Bulangeti mupya iko Kananga, tutanunua. Miye nitalala na hii. Mwenye hapendi, alale kwa ingine."

Valère akaangalia viatu yake. Mathe akasahau kukohoa. Mama Ngalula akamuangalia mutoto yangu, akarudia kuangalia ile pagne ya Mbau. Akapiga magoti, na umri yake yote, akaikunja bulangeti yeye mwenyewe, akaikumbatia kwa kifua. Kisha akageuka kwangu.

"Mukwe, huyu mutoto alitoa wapi huu mudomo?"

Aliniuliza miye, donc nikapata ruhusa.

"Kwangu," nikasema.

Nilitaka kuongeza, nilikuwa na mengi. Mais nikalia pale mbele ya bakwe bote, kwa sababu nilikuwa nimeshinda, na mutoto yangu alikuwa anaenda.