Kisiki cha Arobaini na Moja

Gogo namba arobaini na moja lilikuwa juu ya lori, mbele ya macho ya watu wote, lakini kisiki chake hakikuonekana. Bi Laurencia, mkaguzi aliyetumwa na wanunuzi wa mbao wa ng'ambo, alikuwa ameshazunguka shamba letu la Mbulumbulu mara mbili, karatasi mkononi. Visiki arobaini alivipata, kila kimoja na namba yake ya rangi nyekundu.

"Katibu," aliniambia, "gogo lisilo na kisiki sina pa kuliandika."

Kwenye kazi yetu hilo lina maana moja tu. Msitu wa hifadhi ya Ngorongoro uko hapo, upande wa pili wa korongo, na gogo lisilo na kwao huhesabiwa limetoka huko. Kikundi chetu kilikuwa kimetunza miti ya mbao ya migrivea miaka kumi na minane, tukikata mmoja na kupanda mitatu, na sasa cheti chetu cha kuuza mbao ng'ambo kilikuwa kinakwenda na maji kwa ajili ya mti mmoja. Mti wenyewe ulitoka kwetu nyumbani, nyuma ya zizi, lakini nilipotazama huko niliona lundo la maganda tu, nikadhani nimesahau mahali. Mwenyekiti, Mzee Aloyce, aliutazama msitu, kisha akanitazama mimi. Afadhali angenitukana.

Namba zile niliziandika kwa mkono wangu, gogo na kisiki siku hiyohiyo. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Lakini nani angenisadiki?

Sina budi kulisema na jambo la asubuhi ile, ingawa natamani kuliruka. Kabla wageni hawajafika nilimfuata mama jikoni. "Mama, leo wanakuja watu wakubwa. Baki huku, usiongee nao. Kiswahili chako kitatuaibisha." Mama yangu, Petronila, huanza sentensi kwa Kiswahili akaimalizia kwa Kiiraqw, na mimi nilikuwa nimesoma Karatu mjini, nikajiona nimefika. "Haya, mwanangu," alijibu, akaendelea kuchambua maharage.

Saa saba mchana Bi Laurencia alifunika kalamu yake. Dereva akaanza kulegeza kamba, magogo yashushwe. Hapo ndipo nilipomwona mama mlangoni pa jiko, ungo mkononi, akinitazama mimi tu.

"Aneth," aliita. "Sasa naweza kuongea?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaitikia kwa kichwa.

Alitangulia, sisi tukamfuata mpaka nyuma ya zizi, penye lundo la maganda ya maharage. Akayasukuma kwa mguu. Chini yake palikuwa na kitu kama kichuguu, kimekandikwa samadi na majivu.

"Huu mti ulikuwa kivuli cha ndama," alimwambia mkaguzi. "Nimeupaka, usikauke. Uchipue." Kisha akaongeza kwa Kiiraqw, nami nikatafsiri: "Anasema ng'ombe akikatwa pembe hupakwa majivu. Kwa nini mti usipakwe?"

Akamwaga kata ya maji, akasugua kwa kiganja. Nyekundu ikatokea. Arobaini na moja, imekolea kuliko namba nyingine zote, kwa kuwa jua na mvua havikuigusa.

Nilicheka huku nalia. Mzee Aloyce alivua kofia, akajifuta uso wote. "Petronila, umetutoa jasho, dada yangu!" Bi Laurencia akaiandika ile namba. Halafu akauliza samadi hupakwa siku ya ngapi baada ya kukata, akaliandika na hilo. Lori likashuka kwenda Karatu na magogo yake yote, na mama akarudi kukikandika kisiki upya.

Ni mwaka wa nne sasa. Kisiki kile kimetoa machipukizi matatu marefu, na ndama wamerudi kulala pale. Mkaguzi akija, mama ndiye humpokea na kumtembeza shambani, kwa maneno yake yote. Mimi hubaki jikoni nikichambua maharage, mpaka niitwe kutafsiri.