Njano Chini ya Karatasi

Nafanya usafi katika ofisi ya watu wanaotengeneza programu ya miadi ya kliniki. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ndiye aliyeniombea kazi hapo. Wenzake wanamwita Bwana Harusi, na si kwa sifa: ameahirisha harusi yake mara mbili kwa sababu ya kompyuta. Mara ya tatu ilipangwa Jumamosi. Mchumba wake alishamwambia, "Usipofika, naolewa na mpiga picha. Yeye angalau huwa anakuja."

Programu yao wakiirekebisha, hawaipeleki kwa mkono. Kuna faili la maagizo linaloichukua, linaipima, kisha linaipandisha lenyewe kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, wanakoita winguni. Ikipanda salama, skrini kubwa ya ukutani huandika mstari wa kijani. Ikikwama, mwekundu. Onyo huja kwa njano, chini kabisa.

Njano hiyo iliwachosha. Kila mgeni alikuwa akiuliza, "Na ile je?" Basi Bwana Harusi akabandika karatasi juu yake. "Ya muda tu," akasema. Ikakaa miezi.

Ila vumbi huingia hata huko. Kila asubuhi naiinua ile karatasi kama pazia, napangusa. Jumatatu moja nikaona maneno marefu nisiyoyaelewa, na katikati yake namba 19. Jumanne, 18. Nikadhani ni joto la chumba. Jumatatu iliyofuata ilikuwa 12, na jasho lilikuwa linanitoka vilevile. Nikaacha kufikiria joto.

Jumatano ya wiki ya tatu ilipofika 3, nikamwendea Bwana Harusi.

"Kaka, Jumamosi kuna nini?"

"Hata wewe, dada? Harusi yangu!"

"Hiyo naijua. Huku ofisini. Mbona kuna kitu kinahesabu siku chini ya karatasi yako?"

Akacheka. "Kelele za kompyuta hizo. Wewe pangusa tu."

"Nimepangusa. Haitoki."

Dada anayepima kazi zao, wanayemwita Mkaguzi, akaangua kicheko, akaenda kuinua karatasi. Kicheko kikamkatikia mdomoni. Akatusomea: toleo la jukwaa, yaani mfumo unaoendesha programu yao huko winguni, litaondolewa baada ya siku tatu, na baada ya hapo hakuna kitakachopanda.

Bwana Harusi akakaa. Kiti hakikuwepo.

"Niliandika namba ya toleo mwenyewe kwenye maagizo," akasema akiwa sakafuni. "Miaka miwili iliyopita. Ilikuwa inafanya kazi, sikuigusa tena."

"Na miadi mipya ya kliniki inapanda lini?" Mkaguzi akamuuliza, ingawa alijua.

"Jumamosi asubuhi."

Bosi akatoa kichwa mlangoni. "Ijumaa hatoki mtu hapa mpaka hiyo kitu iwe ya kijani. Bwana Harusi, nakuangalia wewe."

Wakatengeneza nakala ya pembeni, wakaweka toleo jipya, wakaijaribu. Nyekundu. Vipimo kumi na vinne vilianguka. Alhamisi jioni vikabaki viwili. Ijumaa asubuhi kimoja, cha tarehe: kilimpa mgonjwa miadi ya juzi.

"Huyo atakuwa ameshapona," nikasema nikiokota vikombe.

"Dada, usinichekeshe, nitalia."

Saa saba mchana skrini ikawa kijani. Mkaguzi, ambaye hajawahi kumsifu mtu, akasema, "Inapita." Kabla ya kuondoka, Bwana Harusi aliongeza agizo moja: kila Jumatatu faili litafute lenyewe kama kuna toleo jipya, lilifanyie majaribio pembeni, kisha limwambie mtu. Bosi akauliza, "Mtu gani?" Wote wakanigeukia mimi na kitambaa changu. Karatasi akaibandua Bwana Harusi mwenyewe.

Jumamosi alifika ukumbini kabla ya mpiga picha. Simu yake nilikuwa nayo mimi. Bibi harusi akanivuta pembeni.

"Wifi, hiyo ikiita?"

"Haitaita. Nimepitia ofisini asubuhi, miadi imepanda. Kijani tupu."

Akanishukuru, akaichukua, na hata hivyo akaizima.