Mgonjwa Asiyeletewa Chakula

Huyu bwana dukani kwao walimwita Kipimo. Lilikuwa duka la magodoro, na kazi yake, msicheke, ilikuwa kulala. Mteja akiingia akaanza kubonyezabonyeza godoro kwa kidole kama anachagua nyanya, tajiri anamwita Kipimo. Kipimo anajitupa puu, anageuka huku, anageuka kule, anainuka. Godoro likirudi mahali pake, mteja anakuwa hana la kusema. Kama limembeba yule, wewe ni nani?

Mwili ule ndio uliompa jina na mkate, na ndio huohuo uliotaka kumwua. Akipanda ngazi kidogo tu anahema kama kakimbizwa. Sukari juu, presha juu. Mwisho daktari akamwambia wamkate tumbo, si la nje hili la kushikwa na mkanda, lile la ndani linalopokea chakula, kiondolewe kipande kikubwa kibaki kidogo. Akakubali. Dukani akaaga kwamba anakwenda msibani mbali, maana utani wa wale vijana wa magodoro anaujua, hakutaka umfuate mpaka kitandani. Aliyeambiwa ukweli ni mtu mmoja, dada yake mkubwa, yule aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Na hapo ndipo palipoharibika. Dada alikuwa jikoni, akaweka mwiko chini taratibu. Akasema, "Tumbo hilo nimelijaza mimi. Siku tulizokosa, nilijinyima nikakupa wewe. Leo unakwenda kulikatisha."

Kipimo naye alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu mdomo wake hauna breki. Akamjibu, "Ndiyo, umelijaza wewe, ndiyo maana nakwenda. Na ukija kule usije na vyombo vyako."

Dada akauchukua tena mwiko. Akaendelea kukoroga.

Basi kafika hospitali peke yake na kibegi chake. Gauni walilompa halikufunga, likaishia ubavuni. Nesi, binti mpole, akaenda akaleta la pili, moja akamvalisha mbele na jingine nyuma, akayafunga pamoja begani kama foronya. Kipimo akamwambia, "Nesi, umenivalisha kama godoro la watu wawili." Nesi akacheka kidogo akaenda zake kwa wengine, na yule bwana akabaki na mzaha wake mkononi hana wa kumpa.

Operesheni ikaenda salama. Alipozinduka, tumbo lina vitundu vidogo vimebandikwa plasta, na bega linauma kuliko tumbo lenyewe. Nesi akamweleza ni ile hewa waliyompulizia ndani wapate kuona, inatafuta njia, dawa yake ni kutembea. Chakula hakuna. Maji tu, kwa kile kikombe kidogo cha kupimia dawa. Anapiga funda, anasubiri, anapiga jingine. Mtu aliyezoea kumaliza jagi amesimama!

Maumivu aliyaweza. Kilichomshinda ni saa ya kuona wagonjwa. Kengele ikigonga, mlango wa wodi unafunguka, watu wanaingia na vikapu, mifuniko inafunuliwa, harufu zinatembea kitanda kwa kitanda. Kitanda cha pili alilala mzee mmoja, dereva mstaafu aliyepasuliwa ngiri. Huyo anazungukwa na wajukuu mpaka humwoni. Mzee ana roho nzuri, akamsogezea sahani. Kipimo akasema ahsante, siwezi. Siku ya pili akasogezewa, akasema siwezi. Basi yule mzee akamwambia mkewe, kwa sauti aliyodhani ya chini, kwamba huyu bwana mkubwa anaringa, labda ndiyo maana hana mtu.

Kipimo akageukia ukutani. Kila mlango ulipolia aligeuza shingo, akaona si dada, akairudisha. Simu ilikuwa chini ya mto. Kila akiishika anaona hana la kuanzia, anairudisha. Alitaka dada aje, basi. Hata akija kumgombeza.

Siku ya tatu, saa hiyohiyo ya wageni, nesi akamwinua atembee zaidi. Akashika ile fimbo ya dripu, wakafuata korido mdogomdogo mpaka dirisha la mwisho linalotazama getini. Akasimama kuvuta pumzi. Chini pale mlinzi amekaa kwenye benchi anakunywa supu kwa mfuniko wa hotpoti. Na hotpoti ile mpini wake umefungwa kitambaa chekundu, alikifunga Kipimo mwenyewe ulipovunjika. Pembeni ya mlinzi, mkoba mapajani, kakaa dada.

Akamwomba nesi amteremshe. Wakaenda. Nesi akasimama mlangoni akasema nenda, nakuona.

Mlinzi alipomwona akafuta mdomo, akasimama. "Samahani, mzee. Mama aliniambia supu hii haina mwenyewe. Kila siku ananipa."

Dada akamtazama ndugu yake juu mpaka chini. "Umepungua."

"Bado, dada. Ni haya magauni."

Hakucheka. Akasema, "Ulisema nisije na vyombo. Nafika hapa getini, miguu inagoma. Nitaingiaje kwa mgonjwa mikono mitupu? Nikae, nifanye nini?"

Kipimo akaisimamisha fimbo ya dripu pembeni. Akakaa benchini polepole, akatoa kile kikombe cha dawa alichokuja nacho kiganjani, na chupa yake ya maji. Akampa. "Ninyweshe wewe. Kidogo, halafu tungoje."

Dada akakigeuzageuza. "Chakula chenyewe ndicho hiki?"

"Ndicho hicho."

Akamimina, akamwekea mdomoni kama alivyomwekea utotoni. Wakangoja. Akamwekea tena. Maneno ya jikoni hayakutajwa na yeyote. Kila alipoangalia ule udogo wa kikombe, dada alitikisa kichwa, akaangalia pembeni.

Kengele ya kutoka ikagonga. Kipimo akamwambia hotpoti amwachie mlinzi tu, kesho aje hivihivi. Dada akasema haya.

Akarudi mpaka dirishani, nesi nyuma yake. Dada alikuwa amevuka geti, anashika njia ya nyumbani. Mkono mmoja unaning'inia na mkoba. Ule mwingine, usio na kitu, kaukunja kiunoni vilevile kama amebeba hotpoti. Kipimo akautazama mpaka ukaishia kwenye kona, halafu akapiga funda lake la maji, akangoja.